Mashine Iliyofagia Korido

Jumamosi, katikati ya Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na ile baridi ya Nairobi inayoingia kwenye magoti na kukataa kutoka. Saa nne jua lilichungulia, likaona hakuna la maana, likarudi ndani.

Vijana wa saiba, juzi nilipowaletea kitambulisho changu mkitoe kopi, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee Mutiso, ni ukweli kitambo ulikuwa admin?" Mwenzake akadakia, "Admin wa nini, wa grupu ya harambee?" Mkacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lilinifuata mpaka nyumbani, na leo kwa sababu ya mvua sina pa kwenda, nimekaa nikaanza kuandika. Msiniamini sana. Shule niliachia darasa la saba, na mambo ya miaka ya tisini yamechanganyika kichwani kama skrubu kwenye mkebe. Nitajaribu tu kumtendea haki kila mtu. Wa kunisumbua zaidi ni mimi mwenyewe.

Mimi nilikuwa fundi wa taipureta. Nilitoka Machakos nikiwa kijana, nikapanga chumba Silanga, kule chini Kibera karibu na bwawa, na kazi yangu ilikuwa katika chuo kidogo cha kanisa huku Kawangware. Wasichana walikuja kujifunza kupiga chapa, mimi nikifunga riboni na kunyoosha herufi zilizopinda. Nilipenda taipureta kwa sababu ikikataa unaweza kuona mahali inapokataa.

Halafu wafadhili wakaleta mashine. Nasema mashine, kwa umoja, na hapo ndipo nyinyi mtanielewa vibaya. Mmezoea kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na dunia yake. Ile ilikuwa sanduku moja chini ya meza, na kutoka kwake nyaya zilikwenda kwenye skrini sita zenye maandishi ya kijani. Skrini zenyewe hazikuwa na akili hata kidogo. Akili yote ilikuwa kwenye sanduku, na watu sita waliingia humo kwa pamoja, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri. Mfumo ulioiendesha mashine uliitwa Unix. Hapakuwa na picha wala panya wa kubofya. Unaandika neno, inajibu. Ukiandika vibaya, inakujibu kwa dharau.

Aliyekuja kuisimamisha alikuwa Madam Akoth. Mjaluo, wa pande za ziwa, mdogo kwangu kwa miaka michache, akikaa Ayany kwa dada yake. Aliijua kazi hiyo kutoka ofisi moja kubwa ya mjini. Siku ya kwanza alinikuta nimelala chali chini ya meza nikitazama nyaya, akauliza, "Wewe ni nani, na umepotezea nini huko chini?"

"Mimi ni fundi, Madam. Natafuta mahali inapozungukia."

"Haizunguki."

"Sasa ikiharibika utajuaje?"

Alicheka mpaka akakaa. Mimi sikujua nimesema nini cha kuchekesha.

Sasa mambo yalikuwa hivi, na nayaeleza mapema ili msipotee. Madam alikuwa amepata kazi Kisumu. Mama yake alikuwa mgonjwa huko na yeye ndiye aliyetegemewa. Lakini wafadhili walisema mashine itabaki Kawangware ikiwa tu kuna mtu wa hapa anayeweza kuitunza peke yake. Akikosekana, ihamishwe kwa chuo kingine chenye mtu. Kwa hiyo Madam hangeweza kuondoka kabla ya kuacha mtu, na mkuu wa chuo akanichagua mimi. Alisema nina mikono mizuri. Kuhusu kichwa hakusema.

Basi niliambiwa nijifunze. Na kadiri nilivyojifunza, ndivyo yeye alivyokaribia kwenda. Wiki za kwanza sikuliona hilo. Nilipoliona, nilikuwa nimeshazoea kumngoja asubuhi pale Ayany.

Kwa maana tulitembea. Mimi nilipanda kutoka Silanga, yeye akatoka kwa geti ya dada yake, tukavuka Ngong Road, tukapita kando ya nyua za matajiri mpaka tukashukia Kawangware. Njia nzima ilikuwa darasa. Alikuwa na mwendo wa haraka na hakurudia jambo mara mbili. Ukiuliza tena alinyamaza tu, akatembea mbele. Sisemi hivyo kumlaumu. Nasema kwa sababu watu wakikumbuka mwalimu humfanya malaika, naye hakuwa malaika. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kufika kwa mamake.

Asubuhi moja tulisimama kwa mama mmoja muuza makaa ili Madam aagizie dada yake gunia. Nami kichwani nilikuwa na somo la jana, nikauliza hapo hapo, "Madam, ukitaka kuua, unaua mtoto kwanza ama mzazi?"

"Inategemea. Ukiua mzazi, watoto wanabaki yatima."

"Halafu wanaenda wapi?"

"Namba moja anawachukua. Yeye ndiye baba wa wote."

Yule mama alikuwa ameinama akipima makaa. Aliinuka polepole, debe mkononi. "Na wakikataa kufa?"

Madam hakutambua hata kidogo mama amesikia nini. "Kuna wale wamekufa tayari, mama, lakini mzazi hajaenda kuwatambua. Wanakaa tu kwa orodha."

"Kama mochari," akasema yule mama.

"Kama mochari kabisa."

"Sawa," akasema mama, akatuongezea makaa bila kuombwa. Tangu siku hiyo alitupisha njia. Sisi tulikuwa tunazungumzia programu, ambazo ndani ya mashine huzaana na kuuawa zinapokwama. Kama mnafanya kazi hizi bado, mnajua nilikuwa nauliza swali zuri.

Kuua ndiko kulikonitesa kwanza. Siku moja printa ilikwama, nikatafuta namba ya ile kazi iliyokwama, nikaandika amri ya kuua, na skrini yangu ikafutika. Ikarudi kuniuliza jina langu kama mgeni. Nilikuwa nimechukua namba ya mstari wa chini, ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Madam alikuwa nyuma yangu. "Pole sana kwa familia," akasema, akaenda kunywa chai. Tangu hapo husoma namba mara mbili, na kidole juu ya kioo. Nanyi fanyeni hivyo. Kioo huoshwa.

Nilichokielewa upesi ni jambo moja tu, na nilikielewa kwa sababu ya makao yangu. Nilimwambia Madam njiani, "Hii mashine ni ploti." Akaniangalia. "Kila mtu ana chumba chake, anafunga na kufuli yake. Maji ni ya wote, printa ni ile choo moja ya wote, lazima watu wapange laini. Na mimi ni caretaker, niko na funguo ya kila mlango."

"Na caretaker mzuri anafanya nini?"

"Hafungui bila hodi."

Akapunguza mwendo. Kisha akasema, "Mutiso, hilo vitabu vyangu havikuniambia." Ni sifa pekee aliyowahi kunipa waziwazi, na nimeitumia miaka mingi, imeanza kuisha kwenye kingo.

Caretaker hafungui bila hodi, na hafungi bila hodi. Kabla ya kuzima mashine ya watu wengi, unaandika amri ya kuuliza ni nani yumo ndani. Majina yanatokea, kila moja na skrini yake. Unawatumia wote ujumbe: malizeni, hifadhini kazi, mashine inazimwa. Unangoja. Unauliza tena. Likibaki jina hata moja, unainuka kwa miguu yako ukamguse bega. Jingine: usishinde siku nzima umeingia kwa ile akaunti kuu yenye nguvu zote. Ingia kama mtu wa kawaida, chukua nguvu kwa kazi moja, zirudishe. Mtu anayetembea ploti nzima ameshika fungu la funguo huishia kuziangusha chooni.

Wanafunzi wetu wengi walikuwa mayaya na wafanyakazi wa nyumba wa mitaa ya juu, wenye nafasi nusu siku kwa wiki. Nekesa, Mluhya mmoja mwenye mdomo, alikuwa kama kiongozi wao. Ili wapate cheti, kila mmoja alitakiwa kuandika kazi ya mwisho: barua rasmi, jedwali, na ripoti ndefu. Lakini nusu siku haitoshi, na mara nyingine mwajiri anaghairi, unanyimwa hata hiyo. Kwa hiyo walisaidiana. Aliyenyimwa nafasi, mwenzake alimsogezea kazi mbele kidogo kutoka kwa karatasi yake.

Shida ni kwamba kwenye mashine chumba cha mtu kimefungwa. Mwenzako hawezi kuingia kuandika. Basi wasichana wakagundua kuna mahali pamoja ambapo kila mtu anaweza kuweka kitu na kila mtu anaweza kukigusa. Paliitwa tmp. Wao, kwa ule mfano wangu wa ploti na caretaker, wakapaita korido. Wakahamishia huko kazi zao zote.

Niliona hayo, na niliyaona ni mazuri. Nyinyi mliokulia ploti mnajua: jerikeni, beseni, jiko, vyote vinakaa kwenye korido mbele ya milango, na haviibiwi, kwa sababu macho ya wote yapo. Kitu cha ndani ya chumba ndicho kinachovunjiwa mlango. Kwa hiyo niliona kazi za wasichana ziko mahali salama kuliko pengine popote. Wala haikunijia kumwambia Madam, kama vile usivyoweza kwenda kwa landlord kumwambia watu wameweka beseni nje.

Madam naye alijua kitu ambacho mimi sikujua. Mashine ile, kila inapoamka baada ya kuzimwa, hufagia korido yake yenyewe. Mahali pale ni pa vitu vya kupita tu. Hakuniambia kwa sababu aliona ni jambo la kawaida, na kwa sababu hakujua kuna mtu anayeweka huko kitu cha maana. Na mashine haikuwa imezimwa tangu mvua za masika. Betri ilikuwa inabeba kila stima ilipopotea, na Madam alijivunia hilo. Nimepima lawama hii miaka mingi kama yule mama wa makaa na debe lake. Yeye alikuwa na nusu, mimi nilikuwa na nusu, na tulitembea pamoja kila asubuhi bila kuziunganisha.

Alasiri moja ya Alhamisi wafadhili wakatuma mkaguzi, mzee mpole wa suti ya kahawia. Alitaka kuona kitu kimoja. Huyu fundi aizime mashine, aiamshe, peke yake, Madam asiseme neno. Akiweza, mashine ibaki na Madam awe huru. Wasichana wote walikuwepo kwenye skrini zao.

Tulikuwa tumeambiwa mapema, nami nililala vibaya usiku wa kuamkia siku hiyo. Sitawaficha kwamba nilifikiria kuharibu. Si kuharibu mashine; kukosea kidogo tu, niseme sikumbuki, nipewe miezi mingine miwili ya kutembea kutoka Ayany. Lakini miezi miwili ile ingekuwa ni ya mamake.

Basi nilikaa, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikauliza nani yumo. Sita, nami nikiwemo. Nikatuma ujumbe. Nikasikia nyuma yangu wakigonga kibodi upesi, wakihifadhi. Nikauliza tena, akabaki mmoja zaidi yangu. Nikainuka nikamgusa bega. Nikauliza mara ya tatu, nikabaki mimi pekee. Nikaizima. Chumba kikanyamaza, tukasikia mashine ya kusaga posho ya jirani. Nikaiamsha. Mistari ikapanda ikapanda, mkaguzi akiifuata kwa kichwa kama anayetazama ndege, mpaka ikauliza jina. Nikaingia.

"Safi kabisa," akasema mkaguzi. "Sina swali." Akaanza kutafuta kofia yake.

Ndipo Nekesa, akiwa ameingia tena kwa skrini yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, korido iko tupu."

Nikatazama. Tupu kweli. Nikamtazama Madam, na uso wake ukaniambia kila kitu kwa mara moja: kwamba amejua sasa hivi walichokuwa wanakiweka huko, na kwamba hakirudi. Kanda tulizokuwa tunanakilia kila Ijumaa zilinakili vyumba, hazikunakili korido. Nani hunakili korido?

Mkaguzi alikuwa ameshika kofia. Hakuelewa kitu. Wasichana waliniangalia na hakuna aliyefungua mdomo, hata Nekesa. Walikuwa wananipa nafasi. Walijua mashine ikichukuliwa hakuna cheti cha mtu yeyote, na walikuwa tayari kuandika upya kimya kimya kuliko kunichoma.

Nikasema, "Bwana, ngoja kidogo. Kuna kazi ya wanafunzi imepotea sasa hivi, wakati nimezima."

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapokumbuka. Nilisema kwa sababu ndiyo haki? Ama nilisema kwa sababu nilijua mkaguzi atasema huyu bado, na Madam atabaki? Nimejiuliza nikiwa mgonjwa, nimejiuliza nikiwa kanisani. Jibu hubadilika na mahali nilipokaa.

Mkaguzi akaweka kofia chini. "Imepoteaje?"

Madam alifungua mdomo. Mkaguzi akainua mkono. "Huyu aseme."

Nikamweleza korido, na kufagia, jinsi nilivyokuwa nimeelewa kwa dakika ile. "Inaweza kurudi?" akauliza. Nikasema, "Hairudi."

Nekesa hakuweza kujizuia tena. "Lakini mwalimu, wewe ni caretaker gani anafagia mpaka nguo za watu?"

Wakacheka, wengine huku wanafuta macho. Ripoti ndefu ni ripoti ndefu.

"Sasa utafanya nini?" mkaguzi akaniuliza.

Sikufikiri. Kama ningefikiri labda ningefanya vingine. Nilirudi kwenye kiti, nikachukua nguvu za akaunti kuu, nikajenga chumba kipya upande wa vyumba vya watu, ule unaonakiliwa kila Ijumaa. Nikawaweka wasichana wote katika kundi moja. Nikakipa chumba kile kundi lile, mlango wazi kwao wote kusoma na kuandika, umefungwa kwa wengine. Nikarudisha nguvu. Nikamwambia Nekesa ajaribu kuweka kitu, na mwenzake akiguse. Akaweka. Mwenzake akakigusa. "Hii ni korido yenu," nikasema. "Hii haifagiwi."

Nilipogeuka, Madam alikuwa amesogea mpaka mlangoni. Hakuwa amenionyesha hilo; tulikuwa hatujafika hapo katika masomo. Nilikuwa nimeliunganisha tu kutoka vipande vya njiani.

Mkaguzi alimwambia, "Madam, wewe unaweza kwenda." Akavaa kofia.

Wasichana waliandika upya, kwa zamu, katika korido mpya, na wote wakapata vyeti. Sisemi kwa urahisi. Mmoja alinyimwa nafasi tatu mfululizo, wenzake wakambeba.

Siku ya mwisho ya Madam tulibaki wawili chumbani, mchana, mlango wazi. Katika kazi yetu kuna adabu moja sijui kama mnayo bado: mtu akiandika neno lake la siri, unageuza uso. Huangalii vidole. Alikuwa amekuja kunikabidhi akaunti kuu, na lazima neno libadilishwe, asilijue tena. Akainuka kwenye kiti, akasema, "Kaa." Nikakaa. Kisha akageuka, akatazama dirishani, kule kwenye mabati na nguo zilizoanikwa, akangoja.

Sikuweza kufikiria neno lolote. Alisimama hivyo muda, mgongo wake kwangu, mkoba begani, bila kuharakisha, yeye ambaye kila siku alikuwa na haraka.

"Umemaliza, Mutiso?"

"Bado, Madam."

"Sawa."

Sikuwa na la kuandika, na sikutaka kumaliza. Mwishowe niliandika. Mashine ikaniuliza mara ya pili kuhakikisha, kama kawaida yake, nikaandika tena lile lile. "Tayari," nikasema. Akageuka, akanipa mkono, akasema nisisahau kanda za Ijumaa.

Jina lake nililifungia mlango, kwa sababu ndiyo kanuni ya mtu aliyeondoka, lakini chumba chake sikukibomoa. Miaka ile yote, nikiuliza nani yumo, nilisoma majina hadi mwisho, ingawa nilijua lake halimo. Halafu zikaja kompyuta za kila mtu na yake, zenye picha nzuri, na sanduku letu likabebwa na mkokoteni. Katika hizo mpya nilipewa moja. Nikaiuliza nani yumo, haikuelewa swali.

Nasikia Madam yuko Kisumu, ana wajukuu, na mamake aliishi miaka mingine kadhaa baada ya yeye kufika. Hilo nalihesabu upande wa haki. Mke wangu Syombua anajua habari hizi zote. Nilimwambia kabla hatujaoana, akasema mtu asiyetamani kitu hana la kumwambia mtu.

Sasa mvua imekatika. Jioni hii tumekula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kunde, Syombua akaongeza parachichi kutoka kwa jirani, tukamaliza sufuria.